Kioo kikijaa ukungu kwenye mvua, washa eisi (kiyoyozi cha gari) pamoja na hita

Kwa wanaopanda Mau Summit kuelekea Londiani na Kericho mvua ya jioni ikinyesha: kioo cha mbele kikiingia ukungu, usikifute kwa kiganja. Mafuta ya mkono hubaki kwenye kioo, na taa za lori linalokuja zikiyapiga huoni kitu. Washa eisi, sogeza hita upande wa joto, elekeza upepo kwenye kioo, kisha zima kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani. Hicho kitufe ndicho wengi husahau, na kikiwaka gari linazungusha pumzi zenu zilezile. Eisi hukausha hewa: unyevu unageuka matone kwenye koili baridi ya eisi na kudondoka chini ya gari (yale maji unayoyaona ukiegesha), halafu hita inapasha hewa hiyo kavu, na kioo kinaanza kusafika kutoka chini.

Haitafanya kazi vizuri kama gesi ya eisi imeisha. Hapo fungua madirisha mawili kidogo, hata mkilowa mabega. Kapeti zikiwa zimelowa, ukungu utarudi kila ukizima, kwa hiyo zianike. Na waipa zikiufuta, basi ukungu uko nje: kioo kimepoa kuliko hewa ya nje, punguza ubaridi. Ukiwa huoni kabisa, tafuta mahali salama nje ya barabara usimame. Usisimame kwenye kona, tafadhali.