Somo: Siku moja Monasterio de Piedra, uanzie wapi na umalizie wapi

Monasterio de Piedra iko Nuévalos, mkoa wa Zaragoza, Hispania: monasteri ya karne ya 12 na, mlangoni pake tu, bustani iliyojaa maporomoko ya maji. Wengi hutoka huko wamelowa, wamechoka, na monasteri yenyewe wameipita mbio dakika za mwisho. Mahali hapana kosa. Kosa ni mpangilio wa siku, na ndio tunaoupanga hapa.

Hatua ya 1: Kufika

Kutoka Madrid, panda treni ya kasi hadi Calatayud, mwendo wa kama saa moja. Hapo zimebaki takriban kilomita 28. Mabasi ya kukufikisha ni machache mno, kwa hiyo kodi gari au chukua teksi. Ukichukua teksi, patana saa ya kurudi kabla hujashuka, maana Nuévalos ni kijiji. Teksi ya kupungia mkono barabarani hakuna.

Mwenye gari atoke Calatayud kwa barabara ya A-202 kupitia Munébrega. Karibu na bwawa la La Tranquera kona ni nyingi. Anayechafukwa na tumbo garini akae mbele.

Mzungumzaji wa Kiswahili atayatambua majina ya huko. Calatayud ni Qal'at Ayyub, Ngome ya Ayubu. Mji wa jirani, Alhama, umetoka kwenye Kiarabu cha chemchemi ya moto, ndugu wa neno letu hamamu, na hadi leo watu huenda kuoga maji yake.

Hatua ya 2: Tiketi

Nunua mtandaoni mapema, hasa kwa wikiendi na Wiki Takatifu. Tiketi moja inakuingiza bustanini na monasterini. Saa za kufunga hubadilika kwa msimu, na dirisha la tiketi hufungwa mapema kuliko bustani yenyewe. Anayefika alasiri akidhani bado ana muda hukuta hawauzi tena. Lenga kuwepo lango linapofunguliwa asubuhi.

Hatua ya 3: Bustani kwanza, monasteri baadaye

Sababu ni mbili. Asubuhi njia ni tupu, na ngazi nyembamba za bustanini hazipendi foleni. Pili, mchana wa Julai na Agosti jimbo hili la Aragón huwaka, na hapo kuta nene za mawe ndizo kimbilio.

Mzunguko ni kama kilomita 5. Utenge saa mbili na nusu, tatu kama una watoto. Mishale myekundu ni ya kwenda, ya buluu ni ya kurudi. Ifuate. Wanaokata njia "kwa mkato" hukutana uso kwa uso na umati kwenye ngazi, kisha hurudi nyuma kutafuta poromoko walilolikosa.

Viatu: soli ya mpira yenye meno. Mawe yamelainishwa na nyayo za watu na yamefunikwa kuvu la kijani, ile mimea midogo ya penye unyevu. Raba iliyolika huteleza kama sabuni. Nenda msalani kabla ya kuanza, beba maji ya kunywa, na usipange kuogelea, hairuhusiwi.

Ukifika poromoko la La Caprichosa, simama utazame mwamba badala ya maji. Maji ya mto Piedra yamepita ndani ya miamba ya chokaa na kuibeba ikiwa imeyeyuka. Yanapoporomoka na kutawanyika, gesi ya kaboni hutoka, na chokaa huganda juu ya kuvu, majani na vijiti. Ni ule ukoko mweupe wa ndani ya birika, ila hapa umeganda kwa maelfu ya miaka. Ndiyo maana mwamba umevimba kwenda mbele kama mapazia: kwingine maji hula jiwe, hapa yanalijenga. Angalia kwa karibu, utaona mashina ya kuvu yaliyogeuka jiwe huku ncha zake bado mbichi.

Hatua ya 4: Cola de Caballo na pango la Iris

Hapa ndipo pa kutumia muda. Cola de Caballo, "Mkia wa Farasi", ni poromoko linaloanguka mita zaidi ya 50. Kwanza utalitazama kutoka juu, halafu utashuka kwa ngazi zilizochongwa ndani ya mwamba hadi Gruta Iris, pango lililo nyuma ya poromoko lenyewe. Juan Federico Muntadas, wa familia iliyoinunua monasteri, ndiye aliyelifungulia watu njia. Pango liligunduliwa 1860.

Ngazi za humo zina giza na zinadondokewa na maji. Mkono mmoja ubaki kwenye reli ya ngazi muda wote, kwa hiyo begi liwe mgongoni na mtoto mdogo asiwe begani. Vaa koti jepesi la mvua. Mwavuli hapana, utamchoma jicho wa nyuma yako.

Simu huharibu picha hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni manyunyu kwenye kioo cha kamera: beba kitambaa kikavu mfukoni, ufute kila mara kabla ya kupiga. Ya pili ni mwanga. Mdomo wa pango unawaka, ndani ni giza, na simu ikijipimia yenyewe pazia la maji hugeuka doa jeupe. Gusa sehemu ya maji kwenye skrini, kisha punguza mwanga kwa kidole. Kuta zitakuwa nyeusi. Ziache ziwe nyeusi.

Hatua ya 5: Lago del Espejo

Ziwa la Kioo, chini ya jabali la Peña del Diablo. Pakiwa hakuna upepo, jabali lote huonekana majini limepinduka. Dakika kumi na tano zinatosha. Karibu na hapo pana mabwawa ya samaki aliyoyaanzisha Muntadas 1867.

Hatua ya 6: Monasteri

Tenga saa nzima. Watawa wa Kisistersiani walitoka monasteri ya Poblet 1194, baada ya Mfalme Alfonso II wa Aragón kuwapa ngome ya Piedra, na kanisa likawekwa wakfu 1218. Waliokulia karibu na abasia za Wabenedikto za Peramiho au Ndanda, Tanzania, wataelewa upesi: hawa nao hufuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ila kwa ukali zaidi, bila mapambo. Anza na ua wa ndani wenye baraza pande nne, kisha ukumbi wa mkutano wa watawa, bwalo la chakula na jiko. Kanisa liache la mwisho. Halina paa. Watawa walifukuzwa kabisa 1835 serikali ilipotaifisha mali za nyumba za kitawa, na jengo likabaki bila mwenyewe hadi familia ya Muntadas ilipolinunua.

Maswali ya wanachama

*Shikamooni. Mama yangu ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Ataweza?*
Marahaba. Bustani yote hataiweza, na kwenye ngazi za Iris asijaribu. Ukishashuka, kupanda tena ni kazi. Mpeleke monasterini, na bustanini aende sehemu za mwanzo tu kisha arudi. Kigari cha mtoto nacho kiache garini.

*Mwezi wa nane maji si yatakuwa yamekauka?*
Hayakauki. Mto unalishwa na chemchemi za Cimballa, hautegemei mvua ya juzi. Ila masika ya huko, Aprili na Mei, hunguruma zaidi. Maji yakizidi, pango la Iris linaweza kufungwa, kwa hiyo uliza langoni.

*Naishi Ujerumani kwa kibali cha ukaazi, pasi yangu ni ya Kenya. Nahitaji viza?*
Huhitaji, kaka, kwa matembezi yasiyozidi siku 90 ndani ya siku 180. Beba pasi na kadi ya ukaazi, vyote viwili. Anayetoka Nairobi au Dar aombe viza ya Schengen.

*Ni kweli chokoleti ya kwanza Ulaya ilipikwa humo?*
Ndiyo simulizi ya hapo: Jerónimo de Aguilar, aliyekuwa na Cortés, Mhispania aliyeiteka Meksiko, alimpelekea abati kakao pamoja na namna ya kuipika, na mwaka unaotajwa ni 1534. Miaka inagoma kidogo, kwani Aguilar anasemekana kufariki 1531. Jiko lipo, litazame, na simulizi ichukue kama simulizi.

*Sisi ni Waislamu. Tutakula nini?*
Samaki, lakini kwa tahadhari. "Trucha a la navarra" ni samaki aliyeviringishwa au kujazwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Agiza "trucha a la plancha, sin jamón", yaani samaki wa kuchoma, bila nyama hiyo. "Migas", makombo ya mkate ya kukaanga, kwa kawaida huwa na soseji za nguruwe. Kondoo wa "ternasco" si nguruwe, ila usidhani amechinjwa kihalali. Na jiko la mchana hufunguliwa kama saa saba na nusu, ubaoni 13:30, hadi karibu saa kumi. Ukitoka bustanini saa kumi na moja utapata kahawa na mkate tu.