Sogeza saa kwenye apu kabla hujatoka kupiga picha za nyota

Wengi wanafungua apu ya nyota wakishafika gizani, afu ndo wanashangaa mwezi unawaka kama taa za uwanjani. Fanya mchana umekaa zako: fungua Stellarium (apu ya ramani ya nyota), weka sehemu unayoenda na tarehe, afu buruta saa mbele taratibu uone mwezi unazama saa ngapi na kundi la nyota la Mshale (Sagittarius) linachomozea upande gani, maana kitovu cha Njia Nyeupe (Milky Way, ule mkanda mweupe wa nyota angani) kiko hapo hapo. Mwezi ukiwa mkubwa usijisumbue. Na kila siku unachelewa kuchomoza kama dakika 50 hivi (inabadilika badilika), so mpango wa Ijumaa usiuhamishie Jumamosi kichwa kichwa.

Ukifika, zungusha simu hewani kama unachora namba 8 kwanza, la sivyo dira inakudanganya, mi ishawahi kunionyesha kusini kumbe ni magharibi, nusu saa nzima nimepiga miti tupu. Washa na ile skrini nyekundu ya apu, macho yanataka dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, ukijimulika mwanga mweupe kidogo tu karibu uanze upya.