Binya bua kwanza: kuainisha vinamasi vya bulrashi North Dakota

Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria akifika North Dakota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, mwezi wa Julai hatajiona mgeni sana mbele ya kinamasi. Ataona mabua ya kijani yamesimama majini, aseme hawa ni ndugu wa mafunjo, na atakuwa sahihi: bulrashi, mafunjo na ndago ni ukoo mmoja. Kazi inaanza pale anapopewa fomu na kuambiwa aandike ni jamii gani ya mimea. Hivi ndivyo ninavyofanya mimi.

Hatua ya 1: Ijue historia ya maji kabla ya kulowa. Vidimbwi vya prairi, yaani nyanda za nyasi, ni mashimo yaliyoachwa na barafu kuu ilipoyeyuka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Vingi havina mto wa kuingia wala wa kutoka. Vinaishi kwa theluji ya majira ya machipuko na mvua. Kwa hiyo tafuta picha za angani za miaka kadhaa, mmoja wa ukame na mmoja wa mafuriko. Eneo hili lilikauka vibaya kuanzia 1988, kisha 1993 mvua zikafunguka. Dimbwi moja katika miaka hiyo miwili utadhani ni madimbwi mawili. Vilevile, vidimbwi vingi vimo ndani ya mashamba ya watu. Piga hodi kwanza.

Hatua ya 2: Tembea kutoka ukavu kwenda kwenye kina. Usianzie katikati. Mimea hujipanga kwa mikanda: nyasi za ukingoni, nyasi za majimaji, kinamasi cha kina kifupi, kinamasi cha kina kirefu, halafu maji matupu. Watafiti Stewart na Kantrud, waliochapisha mfumo wao wa kuainisha vidimbwi mwaka 1971, walitoa kanuni ninayoitumia hadi leo: daraja la dimbwi linaamuliwa na mkanda wa sehemu yenye kina zaidi, mradi uchukue angalau asilimia 5 ya eneo lote. Kina kifupi kikiwa ndicho cha mwisho, ni daraja la III, maji ya msimu. Kina kirefu, ambako bulrashi wakubwa na matete ya Typha hutawala, ni daraja la IV, maji yanayokaribia kudumu.

Hatua ya 3: Binya bua. Hapa ndipo wengi tunapoumbuka. Msimu wangu wa kwanza nilijaza fomu nikiwa barabarani, darubini mkononi, nikaandika *Schoenoplectus acutus*, aina moja ya bulrashi, dimbwi zima. Msimamizi wangu hakunigombeza. Aliingia majini, akakata mabua mawili na kunipa. Moja lilikataa kubonyea. La pili lilisinyaa kati ya vidole kama mrija wa soda. Lile gumu ndilo *acutus*: rangi yake ni kijani cha zeituni na ndani vijitundu vya hewa ni vidogo. Lile laini ni *Schoenoplectus tabernaemontani*, kijani kilichopauka, matundu makubwa, na vishada vyake vya maua huning'inia na kutawanyika, wakati vya *acutus* mara nyingi vimesongamana na vina rangi ya kijivu-kahawia.

Bua likiwa na pembe tatu na majani marefu, umetoka kwenye jenasi ya *Schoenoplectus*: ni *Bolboschoenus*. Na matete ya Typha usiyaruke. Katika *latifolia* sehemu ya maua dume hukaa moja kwa moja juu ya ile ya kike. Katika *angustifolia* kuna pengo. Chotara wao, *Typha × glauca*, yuko katikati na ni mvamizi hodari. Ukishindwa kuamua, andika "Typha" basi. Afadhali fomu yenye aibu kuliko yenye uongo.

Hatua ya 4: Pima chumvi. Chovya mita ya upitishaji umeme mbali na mfereji wa maji ya mvua; chumvi ikizidi, namba hupanda. Chini ya mikrosimensi 500 kwa sentimita ni maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. 500 hadi 2,000 yana chumvi kidogo. 2,000 hadi 5,000 chumvi ya wastani. Hadi 15,000 ni chumvi kweli, na juu zaidi ni chumvi kali. Kwa kawaida bulrashi laini hukata tamaa mapema, yule mgumu husonga mbele kidogo, na panapozidi makali anabaki *Bolboschoenus maritimus*. Mita na mmea vikipingana, rudia kipimo. Maji ya siku moja baada ya mvua kubwa hudanganya. Mizizi ya miaka mingi haina haraka hiyo.

Hatua ya 5: Fremu. Weka fremu ya mraba, mita moja kila upande, ndani ya kila mkanda, mara tano au zaidi, ukadirie asilimia ya mfuniko wa kila spishi. Jina la jamii linatokana na inayotawala.

Hatua ya 6: Jiulize dimbwi liko wapi katika mzunguko wake. Kwa kawaida mbegu za bulrashi huota kwenye tope lililo wazi. Kwa hiyo ukikuta msitu wa mabua ndani ya maji ya mita moja, jua ulizaliwa mwaka wa ukame na sasa unaenea kwa rizomu, yaani mashina yatambaayo chini ya tope. Maji yakikaa juu miaka mingi, na panya wa majini aitwaye muskrati akivuna mabua kujengea nyumba, patabaki maji wazi na ukanda mwembamba pembeni. Hilo ni dimbwi lilelile, si daraja jipya.

Fomu yangu ya mwisho ilisomeka hivi: "Daraja IV, chumvi kidogo. Kina kirefu: *S. acutus*, *T. × glauca* anaingia kutoka kaskazini. Maji wazi katikati, mabua yamezunguka. Kina sm 70, Julai 22. Nyumba za muskrati: nne."