Mbolea isiyofukiwa hulisha magugumaji

Ukipita mashamba ya bonde la Mto Simiyu wakati wa masika, hukosi kumwona mtu kati ya mistari ya mahindi, ndoo mkononi, akirusha Urea kama anayelisha kuku. Wingu limeshatanda. Jioni inapiga mvua, asubuhi chembe nyeupe hazionekani, na mwenye shamba anasema imeingia ardhini. Haijaingia, ndugu yangu. Imeondoka.

Faida za mbolea na nafasi za kupanda mnazijua, sizirudii. Nazungumzia kufukia tu, kwa sababu hapo ndipo hela inapopotelea, hata ya mbolea ya ruzuku.

Mfuko wa Urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Ikibaki juu ya udongo wenye unyevu na jua likawaka, inageuka gesi ya amonia na kupaa. Ile harufu inayochoma pua ukipita shambani siku mbili baadaye ni pesa yako inapanda angani. Inayobaki, mvua kubwa ikiikuta juu, inayeyuka na kufuata maji hadi mtoni.

DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, ina tabia yake. Fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo, hasa mfinyanzi wa mbuga, kwa hiyo udongo ukichukuliwa nayo imekwenda. Tope la Simiyu linaishia Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Huko mwani, ule ukijani wa majini, haukosi kaboni, maana hewa ukaa imeyeyuka tele majini. Unachokisubiri ni mbolea. Kwa makadirio ya kawaida, mwani hutumia kilo 1 ya fosforasi kwa kilo 7 hivi za naitrojeni na kilo 40 hivi za kaboni. Mfuko mmoja wa DAP una kilo 10 za fosforasi. Yote ikifika ziwani na mwani ukaitumia, umeotesha mwani wenye kaboni kilo 400. Nani alikutuma?

Mwani huo ukifa unazama, bakteria wanauozesha, na oksijeni ya chini inaisha. Upepo ukiyapandisha maji hayo, samaki wanakufa, na sato wa kwenye vizimba ndio wanaotangulia kwa kuwa hawana pa kukimbilia. Kisha tope la chini, likishakosa oksijeni, linaachia fosforasi iliyokuwa imeshikwa na madini ya chuma, inarudi juu na mwani unaota upya. Naitrojeni sehemu yake hugeuka gesi ikarudi hewani. Fosforasi haina njia hiyo, kwa hiyo uliyoipoteza msimu huu italisha mwani ziwani miaka mingi. Magugumaji yaliyoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 yananenepa kwa chakula hichohicho.

Sasa vipimo, na naomba visikadiriwe kwa macho. Wakati wa kupanda, chimba shimo la sentimita 10. Weka DAP kizibo kimoja cha soda, ambacho ni gramu 5 hivi, si konzi. Funika kwa udongo wa sentimita 3 hadi 5, ndipo uweke mbegu na kufukia tena. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, mfuko mmoja unatosha ekari. Ukiisha ukiwa nusu ya shamba, kosa ni la mkono wako, usimlaumu muuza mbolea.

Urea ya kwanza ni wiki ya tatu hadi ya nne baada ya mahindi kuota, yakiwa usawa wa magoti. Ya pili kabla hayajatoa mbelewele. Fungua kifereji sentimita 10 kutoka kwenye shina, kina sentimita 5 hadi 7, weka, fukia papo hapo. Si jioni, si mpaka umalize shamba zima. Nendeni wawili: mmoja anaweka, mwingine anafukia nyuma yake. Weka siku moja au mbili baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu, na kama wingu zito linakuja acha mfuko ndani. Kwenye luseni, udongo wa kichanga, gawa kiasi kilekile cha Urea mara tatu badala ya mbili, maana mchanga haushiki. Kwenye mbuga iliyotuama maji usiweke kabisa: udongo ukikosa hewa, bakteria huigeuza naitrojeni kuwa gesi ikapotea.

Matuta yakingame mteremko. Na zile bustani za nyanya zilizoshuka hadi ukingoni, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni. Najua hamtaki kusikia. Acheni matete na nyasi ziote hapo, zinazuia tope.

Ukifukia sawasawa, kwa kawaida majani ya chini hayageuki njano mapema kwa kukosa naitrojeni. Basi.

Jambo la mwisho: mifuko mitupu haifuliwi mtoni. Ikung'uteni shambani, na ndoo mliyopimia isuuzeni hukohuko kwenye mahindi.