Kupanda miti kwa kikundi kando ya ziwa, Mwanza

Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, mkubaliane eneo. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Pale pandeni miti ya asili, si mikaratusi.

Chimbeni mashimo kabla ya vuli, sentimita 60 kwa 60. Udongo wa juu changanyeni na debe la samadi iliyooza, kwani mbichi huunguza mizizi. Mvua ikishalowanisha ardhi, pandeni. Chaneni na kuondoa kiriba chote (mfuko wa plastiki uliootesha mche), tafadhali: mizizi iliyojikunja ndani yake haitanuki.

Miche hufa zaidi kiangazi, Juni hadi Septemba, na mbuzi humaliza iliyobaki. Kwa hiyo kila kaya ipewe miche 10, iizungushie miiba na kuimwagilia lita 5 kila mche, mara mbili kwa wiki.