Harrier ilale uani, Passo iende Posta: piga hesabu hii kabla hujamwita dalali

Watu wanaotaka gari dogo la pili la kwendea kazini, ili lile kubwa lipumzike, wanaanza na swali la bei: "Passo nzuri siku hizi shilingi ngapi?" Mimi ni mhasibu wa Dar es Salaam, nakaa Bunju, pembezoni mwa jiji, na ofisi yangu iko Posta, katikati ya jiji. Nakuambia anza na gari ulilonalo, kwa sababu faida yote ya gari la pili imo kwenye lita ambazo hilo la kwanza litaacha kula. Kama hizo lita huzijui, hujaanza hesabu bado.

Lita hazipimwi kwa mazoea yetu ya "weka ya elfu thelathini". Nenda sheli moja, jaza hadi bomba likatike lenyewe, usimruhusu kijana aongezeeongezee. Rudisha kile kihesabio kidogo cha kilomita kwenye sifuri. Tembea wiki nzima ya kazi kama kawaida yako, na kiyoyozi ukiwashe kama kawaida yako. Kisha rudi sheli ileile, jaza tena vilevile. Kilomita ulizotembea gawanya kwa lita zilizoingia. Harrier yetu ya cc 2,400 ilinipa kilomita 8 kwa lita. Mume wangu alibisha, yeye anajua inatembea 11. Ni kweli inatembea 11, ikiwa barabara kuu inaelekea Segera. Siyo kwenye foleni ya Mwenge saa moja asubuhi.

Gari dogo nalo usilipime kwa mdomo wa muuzaji. Niliazima Passo ya wifi yangu ya cc 1,000, nikaipeleka kazini kwenye foleni yangu mwenyewe. Ikatoa 14. Muuzaji angekuambia 20.

Sasa hesabu. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 65. Weka siku 22 za kazi kwa mwezi, miezi 11 kwa mwaka kwa sababu ya likizo: kilomita 15,730. Harrier itakula lita 1,966. Passo itakula 1,124. Tofauti ni lita 842. Iache hivyo, kwa lita, usikimbilie shilingi. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo lita zako hubaki palepale na wewe unabadilisha bei tu. Hapa nitatumia 2,800 kwa lita, ambayo inanipa shilingi 2,357,600 kwa mwaka.

Ukiishia hapo, umeshanunua gari. Wengi huishia hapo.

Tuseme Passo ya mkononi ni milioni 10. Ukiiuza baada ya miaka minne kwa milioni 7, imekula 750,000 kila mwaka kwa kuchakaa tu. Bima kubwa, kwa asilimia 3.5 ya thamani na Kodi ya Ongezeko la Thamani juu yake, ni 413,000. Ukichukua bima ndogo, ile inayolipa tu hasara ya uliyemgonga, ni 118,000, ila ujue ikigongwa na mtu aliyekimbia, imekwisha hiyo. Matengenezo ambayo yasingekuwepo kama usingekuwa na gari la pili, yaani betri yake, shokapu na vitu vidogo vidogo, weka 250,000. Oili usiihesabu mara mbili, maana kilomita ni zilezile, zimehama tu. Na ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo gari lililolala halidaiwi hiyo.

Mstari ambao karibu kila mtu anauruka ni ule wa milioni 10 zenyewe. Hizo pesa zingeweza kukaa kwenye hatifungani za serikali au mifuko ya uwekezaji ya UTT zikazaa. Mimi naweka asilimia 10, yaani milioni moja kwa mwaka. Kama unakopa SACCOS au benki, hapo weka riba ya mkataba wako, na kama riba imezidi sana hiyo 10, sijui kwa nini tunaendelea kuongea.

Jumla ya gharama: 2,413,000. Mafuta yameokoa 2,357,600. Umepata hasara ya kama elfu hamsini na tano.

Kwa hiyo mafuta peke yake, kwa mtu wa Bunju, yanakaribia kulipia Passo lakini hayaleti faida. Kilichonishawishi mimi ni kupumzika kwa Harrier. Tairi zake za inchi 17, breki, miguu ya mbele, hayo yote yanalika Bagamoyo Road kila siku, na spea zake si za bei ya Passo. Niliziangalia risiti zetu za gereji nikaona laki nne kwa mwaka zinapungua. Hapo ndipo hesabu inageuka, na inageuka kidogo tu.

Ukikaa Mwenge, safari ya kilomita 20 kwenda na kurudi, utaokoa lita 259 kwa mwaka, kama laki saba na nusu hivi hazifiki. Hata kuchakaa kwa gari hazilipi vizuri. Panda daladala au baki na gari lako. Ukikaa Kibaha, kilomita 80, unaokoa lita zaidi ya elfu moja na jibu ni rahisi zaidi.

Kuna mtego kwenye hizi "kilomita kwa lita". Mtu akiona Passo 14 na haibridi (gari la mafuta na umeme) 18, anaona tofauti kubwa. Kutoka 8 kwenda 14 niliokoa lita 842. Kutoka 14 kwenda 18 ningeongeza lita 250 tu, shilingi laki saba, na kwa hizo natakiwa kuongeza milioni tano au sita za kununulia, pamoja na betri kubwa ambayo sijui mwenye gari wa kwanza aliitendeaje. Hapana.

Lakini kabla ya kalamu kuna kikao cha nyumbani. Nani ataendesha Harrier mchana? Hesabu yangu yote imesimama juu ya Harrier kulala. Gari likiwa uani na funguo ziko kwenye msumari, shemeji ataenda nalo Kariakoo, kijana ataenda nalo mpirani, na mwisho wa mwezi mnajaza magari mawili. Kama mnataka magari mawili kwa sababu watu wawili wanatoka, sawa kabisa, ila iite starehe na uilipie kama starehe. Sisi tulikubaliana Harrier ni ya Jumamosi, ya msiba, na ya kupanda Lushoto kwa mama mkwe na watoto na viazi. Kama isingekuwa Lushoto, ningeiuza na kubaki na Passo peke yake, na safari za mbali tungekodi. Hilo ndilo chaguo la bei nafuu kuliko yote na watu hawalipendi kulisikia.

Harrier inayolala iwashe na uitembeze kila wiki, siyo kuiungurumisha tu getini. Fungua boneti uangalie panya. Nyaya za Harrier wanazipenda. Na pita na Passo njia ya kwako wakati wa masika kabla ya kununua. Bunju ya ndani huku, kuna mitaa tumbo la Passo linasugua tope, na siku hiyo utarudi kwenye Harrier, kwa hiyo toa hizo siku kwenye lita.

Ukiamua kuagiza nje badala ya kununua ya mkononi, ingiza mwaka na cc kwenye kikokotoo cha TRA kwanza, maana ushuru wa uchakavu wa gari kuukuu unaweza kukushangaza. Ukinunua ya mkononi, chukua namba ya gari, angalia deni la faini za trafiki na la maegesho, linganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi, na malipo ya mwisho yafanyike siku mnayoanza kuhamisha umiliki.