Namna ya Kuwafundisha Watoto Wadogo Kumjua Mungu Kupitia Mikoko na Maji ya Bahari

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu mwenzangu wa chuo cha Qurani hapa Bagamoyo. Wanafunzi wake wa miaka minne hadi saba walikuwa wamehifadhi majina mengi ya Mwenyezi Mungu, lakini alipowauliza ni wapi wameiona rehema Yake au hekima Yake, walinyamaza. Watoto hao wanaishi hatua chache kutoka baharini, na hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua ya kwanza: Kuchagua siku

Tumia kalenda ya Hijria iliyotundikwa ukutani. Ninaipendelea kuliko programu yoyote ya simu, kwa sababu mtoto mwenyewe anaweza kuutazama mwezi usiku akajua maji yatakavyokuwa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa katika bamvua, yaani hujaa na kupwa kuliko kawaida, na katika pwani yetu maji ya siku hizo hupwa sana kuanzia yapata saa nne asubuhi. Mwezi unapokuwa nusu ni maji mafu, na bahari haisogei mbali. Kwa ziara ya kwanza ya kuwapeleka watoto pwani chagua bamvua, ufike maji yakiwa bado yanatoka, na uondoke kabla hayajaanza kurudi.

Hatua ya pili: Kuwaandaa

Kofia, maji ya kunywa, viatu vya kukanyagia matope, na mtu mzima mmoja kwa kila watoto wachache.

Hatua ya tatu: Kuchagua kiumbe kimoja

Usiwaonyeshe kila kitu. Mimi huchagua mchu, ambao ni aina ya mkoko, kwa kuwa mtoto anaweza kuufahamu kwa ulimi: akilamba jani lake hukuta chumvi, kwa maana mti huo huishi katika maji ya bahari na kuitoa chumvi iliyozidi kupitia majani. Chini yake huchomoza mizizi iliyosimama wima, ambayo huuwezesha kupata hewa mahali ambapo matope hayana hewa ya kutosha. Kaole, karibu na magofu, mikoko ni mingi na inafaa kwa somo hili. Wakatazeni watoto kung'oa miche.

Hatua ya nne: Kutoka kwa kiumbe hadi kwa Muumba

Hapa ndipo walimu wengi hukwama, kwa sababu huwa na haraka ya kutoa jibu. Uliza kwa utaratibu: Unaona nini? Kinafanya nini? Kingekosa hiki, kingekuwaje? Baada ya hapo ndipo uulize: Ni nani aliyekipa? Kisha nyamaza. Ukimya huo huwa mrefu na humchosha mwalimu, lakini mtoto aliyelifikia jibu mwenyewe hulishika, na akisema "Subhanallah" huwa ameisema kwa moyo wake.

Jihadhari na mambo matatu. La kwanza, baadhi ya watoto watasema kwamba Mungu yumo ndani ya mti. Usiwacheke wala usiwakemee. Waulize kama bibi aliyeshona mkeka wanaoukalia chuoni yumo ndani ya mkeka huo, na wataelewa kwamba Muumba si kiumbe Chake.

La pili, usifiche sababu za mambo. Mtoto akiuliza maji yamekwenda wapi, mwambie ukweli, kwamba mwezi na jua huivuta bahari, na kwamba mwezi umepangiwa vituo vyake kama tunavyosoma katika Surat Yasin. Mtoto aliyekatazwa kuuliza, akaambiwa tu kwamba ni kazi ya Mungu, atakapofundishwa jambo hilo shuleni atadhani kuwa shule na chuo vinapingana, na huenda akakiacha chuo. Mfundishe tangu mapema kwamba Aliyeiumba bahari ndiye Aliyeiwekea sababu zake.

La tatu, na hili nalisisitiza kwa nguvu zangu zote, usiitumie bahari kuwatisha. Wengi wao ni watoto na wajukuu wa wavuvi, na wamo ambao jamaa zao walikwenda baharini wasirudi. Ukiwaambia kwamba dhoruba ni adhabu, utakuwa umewahukumu marehemu wao mbele yao. Wakikuuliza kuhusu waliozama, waambie kwamba hata jani halianguki ila Yeye analijua, kama ilivyo katika Surat Al-An'am, kisha waombeeni dua pamoja.

Hatua ya tano: Kurudia

Usiwape mtihani. Wape jukumu la kuutazama mwezi kila usiku pamoja na wazazi wao, na utakapofika nusu warudisheni mahali pale pale, chini ya mchu ule ule, saa ile ile. Watakuta maji hayakutoka mbali kama mara ya kwanza, na maswali watakayouliza siku hiyo ndiyo yatakayokuwa somo lenu la wiki inayofuata.